Chupa Iliyopashwa na Kiganja

Kila asubuhi kabla ya paredi, Somoe alijaza maji mtungi wa darasa la sita. Ndani yake zilipozwa chupa zilizopakwa masizi, kila moja ikiwa na mrija wa kalamu na tone la wino. Chupa ikipata joto, hewa hutanuka na tone husogea.

"Ng'ambo wanatafuta joto la nyota ambazo jicho halizioni," Mwalimu Sabina alikuwa amewaeleza. "Wanapoza madini kupita barafu, mpaka umeme unapita bila kuzuiwa. Joto dogo likiyagusa, umeme unakwama, nao wanajua kuna kitu. Ila kifaa chenyewe kikiwa cha moto, kinajisikia chenyewe tu."

Siku hiyo walimngoja mkubwa wa serikali kutoka mjini. Vyungu viwili vilifunikwa, kimoja kikiwa na maji ya moto, kingine ya baridi; wanafunzi wakitambue kwa chupa, bila kugusa. Mkubwa aliahidi kufika saa tatu. Alifika adhuhuri, akahutubia juu ya kujitegemea huku watoto wakisinzia kwa njaa.

Athumani, mwenzake Somoe darasani, alianza. Alisogeza chupa huku na huku.

"Sioni joto, mwalimu."

"Mvivu!" mkubwa alifoka. "Unalihujumu taifa! Nenda kapalilie mihogo. Chakula hupati."

Somoe akaogopa. Alikumbatia chupa yake kwa viganja, akaielekeza kwenye chungu cha kulia. Tone likaruka.

"Hongera binti! Kijiji hiki nitakitaja mkoani!"

Dirishani Athumani alionekana juani, jembe mkononi. Somoe aliiweka chupa mezani.

"Shikamoo mzee," alisema. "Nimeipasha chupa kwa mikono. Athumani amesema kweli."

Mkubwa alifunua vyungu, akatia kidole. Vyote baridi.

"Maji yalikuwa ya moto saa tatu, mzee," Mwalimu Sabina alisema.

Mkubwa hakuomba radhi. Watu wa namna ile hawakuwa na desturi hiyo. Alipanda gari, akaondoka.

Somoe alikimbilia shambani, akamweleza Athumani yote, akalishika jembe lake.

"Kumbe tone lako lina pepo!" Athumani alimcheka. "Niachie ukoko wa ugali, basi."

"Kula kwanza wewe. Palizi hii ni yangu."

Mwalimu aliwafuata na sahani ya ugali.

"Ukijipasha joto ili upigiwe makofi," alimwambia Somoe, "nyota huioni. Unajiona mwenyewe, na mwenzako anaungua jua."