Aliyeitika kwa Sauti ya Masuma

Masuma, jirani yetu wa mtaa wa Kiponda, alionywa mapema akacheka. Simlaumu hata kidogo. Ningeambiwa mimi ningecheka zaidi.

Siku ile ilianza vizuri tu. Bi Mwanakheir, mama wa Kitumbatu aliyekuwa akimsaidia kazi, alikuwa anapiga deki ukumbini. Hina, binti wa Masuma wa miaka saba, alikuwa anachora sakafuni, na kila deki ikimkaribia anasogea na makaratasi yake. Kumail, mume wa Masuma, yuko Dar kwenye duka lake. Na Masuma mwenyewe yuko jikoni, simu mkononi, anajisifu.

Alikuwa na haki ya kujisifu. Nyumba ile ya urithi wa mkwewe aliigeuza nyumba ya wageni, na wageni wakamchosha roho. Huyu anauliza kiyoyozi, yule kapotea vichochoroni. Basi akakaa na video za mtandaoni mpaka akajifunza kuunganisha vitu ambavyo waliovitengeneza hata hawajuani: tovuti ya kukodisha vyumba, kalenda, ujumbe wa simu, kufuli la namba mlangoni na spika ya ukumbini. Mgeni akiandika neno, anajibiwa papo hapo, kalenda inamwekea chumba, kufuli linampa namba, na akiingia spika inampokea kwa sauti ya Masuma aliyoirekodi mwenyewe: "Naam, karibu. Nyumba ni yako." Hapo Masuma hanyanyui hata kidole.

Siku ya kuviunganisha simu ilimuuliza ni vyumba gani viingizwe. Akabonyeza vyote. Chumba cha juu hakikumjia akilini. Marehemu mkwewe hakupata kumlaza mtu mle. Kila Alhamisi jioni alipanda na chetezo cha ubani, akabisha hodi, akakiacha chetezo kizingitini, akashuka bila kugeuka nyuma. Tangu bibi yule azikwe, chetezo kilikuwa kabatini nyuma ya masufuria.

Bi Mwanakheir hakuipenda kazi ile ya kuunganisha tangu mwanzo.

"Kwetu kisiwani Tumbatu mtu akikuita humwitikii mpaka umuone," alimwambia. "Wewe umekiachia chombo kikuitikie. Kitamjua vipi anayeita?"

"Wanaoita ni Wajerumani, Bi Mwanakheir," Masuma akamjibu, wakacheka wote wawili. Bi Mwanakheir alicheka kwa adabu tu.

Adhuhuri, jua la utosi, mtaa umenyamaza, ujumbe ukaingia. Haukuwa na namba wala picha ya aliyetuma. Ulikuwa na neno moja: Masuma. Simu ikajibu yenyewe, kama ilivyofundishwa: Naam, karibu. Nyumba ni yako. Ukaja tena. Masuma. Ikajibu tena. Mara ya tatu ilijibu simu, na spika ya ukumbini nayo ikasema kwa sauti, ingawa mlango haukufunguliwa.

Alitazama kalenda. Chumba cha juu kimechukuliwa. Watu wawili. Siku ya kuondoka imeachwa wazi.

Akafuta. Kikarudi. Hakushtuka, kwani aliyewahi kuunganisha vitu hivi anaijua adha yake: unafuta huku, kule kinarudishwa. Akakata kiungo cha kalenda. Kikarudi. Akakata cha ujumbe, cha tovuti, vyote. Simu ikatikisika kiganjani ikamwarifu kuwa mlango wa juu umefunguliwa.

Mlango wa juu haukuwa na kufuli la namba. Ulikuwa na kufuli la chuma la tangu enzi za mkwewe, na ufunguo wake ulining'inia kwa kamba shingoni mwa Masuma.

Ndipo akamsikia Hina ukumbini. "Naam, mama."

Yeye hakuwa amemwita.

Alitoka mbio. Makaratasi yalikuwepo, kalamu zilikuwepo, mtoto hayupo. Kandambili zake zilikuwa chini ya ngazi, zimepangwa sawasawa, zimeelekea juu.

"Hina!"

Bi Mwanakheir alikuwa uani akianika nguo, hakumuona mtu kupita. Masuma akazima swichi kuu. Akang'oa waya za mtandao kwa mikono, kucha zikatoka damu. Feni zikasimama. Simu ikabaki inawaka, bila mtandao, bila chochote. Aliandika: Nakuomba. Nirudishie mwanangu.

Jibu likaja. Naam, karibu. Nyumba ni yako.

Bi Mwanakheir alimshika nguo. "Usipande mikono mitupu, mwanangu. Ngoja nkautie ubani moto."

Hakungoja. Mama gani angengoja? Alizipanda zile ngazi za mbao kwa mikono na miguu, analia, anamtaja Mola wake.

Kufuli lilikuwa limefungwa. Kutu tupu, na vumbi juu yake halijaguswa. Aliuingiza ufunguo. Haukuzunguka. Akaweka sikio mlangoni.

Ndani mtu alikuwa anamsimulia mtoto hadithi, polepole, kwa upendo. Aliitambua sauti ile. Ilikuwa yake.

"Hina," alinong'ona. "Mama yuko huku."

Hadithi ikakatika.

"Mama," mtoto akauliza kutoka ndani, "kwani mko wangapi?"

Akapiga magoti. Akasema kuwa yeye hakuitika, kwamba kilichoitika ni chombo tu, si kinywa chake. Aliahidi ubani kila Alhamisi. Aliahidi kuihama nyumba. Kutoka ndani alisikia mtoto anapiga miayo, kama anayelala.

"Mwache huyo," akasema mwisho. "Niite mimi. Ntaitika mwenyewe."

Simu ikawaka mkononi. Masuma.

Akafunga macho.

"Naam," akasema, kwa kinywa chake.

Bi Mwanakheir alipofika juu na chetezo kikifuka, alimkuta Hina ameketi kwenye ngazi ya mwisho, miguu mitupu, mikono baridi. Masuma hayupo, na kufuli bado limefungwa. Simu ilikuwa kizingitini, na ufunguo juu yake, na kamba yake ya shingoni haikukatika.

Mlango tuliuvunja sisi majirani. Mle ndani mlikuwa na vumbi la miaka, halina wayo wa mtu.

Kumail alivuka na boti ya jioni. Alifunga akaunti zote, akang'oa makufuli, akaikata spika waya zake. Akampeleka Hina kwa shangazi yake, Bububu, na mpaka leo ukimwita mtoto yule kwa nyuma haitiki. Anageuka kwanza, anakutazama usoni. Tulimshauri Kumail aiuze nyumba. Hataki kusikia.

Siku moja nilipita pale adhuhuri nikaelewa kwa nini. Alikuwa amesimama ukumbini peke yake mbele ya spika ile iliyokatwa waya, akaita taratibu, kama mtu anayemwita mkewe aliye chumba cha pili.

"Masuma."

"Naam," ikaitika.

Neno hilo tu, bila lile "karibu" la siku zote. Kumail aliniambia hakuna mahali lilipowahi kurekodiwa hivyo, peke yake. Akaniambia pia kuwa kila siku huitika hivyo hivyo, kwa upole, kama aliye njiani anashuka. Naye husimama pale akitazama ngazi mpaka alasiri.