Panya Mwenye Macho ya Mtoto

Uvumi ulianzia bombani: barafu za buluu za muuza barafu zinadhuru watoto. Mama mmoja, ambaye majirani humwita Mama Wasiwasi, hakuweza kuutoa kichwani. Na asubuhi moja akamkuta kitindamimba wake chini ya kitanda, midomo ya buluu.

"Umemuwahi," daktari alisema hospitalini. "Atapona. Ila kala nini?"

Mama akamwendea muuza barafu.

"Dada, wiki nzima nina nyekundu tu!" Akafunua ndoo. "Mnaniharibia kazi bure."

Kweli, nyekundu tupu. Tena barafu ingeacha majimaji, na pale chini ya kitanda palikuwa pakavu. Mama akarudi nyumbani, akainama na tochi. Aliona chembe kavu za buluu na kipande cha pakiti chenye jicho moja kubwa linalong'aa.

Akakipeleka kwa mchoraji wa mabango, anayechora picha zote za mtaani.

"Jicho langu hilo! Panya wa biskuti za mwenye duka la hapa mtaani."

"Panya gani anapendeza hivi?"

Mchoraji akacheka. "Si panya, shemeji. Ni binti yangu alipokuwa mchanga. Kichwa kikubwa, macho yamejaa uso, kipua kama njegere. Nikaongeza masikio na mkia. Vikatuni vya kupendeza ndiko vinakotoka, kwa watoto wachanga. Ukimwona, mkono unakwenda wenyewe."

Dukani, panya yule alijaa rafu nzima. Chini yake, herufi ndogo kama chawa: sumu ya panya.

"Mumeo alinunua juzi kabla ya safari," mwenye duka alisema. "Si imeandikwa?"

"Mtoto wa miaka miwili asome?"

"Mama Wasiwasi, pakiti ya zamani yenye picha ya fuvu ilikuwa hainunuliki! Mliogopa kuiweka ndani. Huyu mchoraji nilimwambia biskuti, achore vizuri. Sasa inauzika."

Mjukuu wake akatoka nyuma ya magunia, akatambaa moja kwa moja hadi kwenye rafu, akamkumbatia panya.

"Acha! Acha hiyo!" Babu aliruka, mizani ikaanguka.



"Kumbe unajua," mama alisema.

Akampigia simu afisa wa afya. Afisa alipofika, alimkuta mwenye duka anashusha pakiti mwenyewe. Jioni kitindamimba alirudi nyumbani akidai ndizi, na mama akanunua barafu nyekundu mbili, moja ya kumwomba radhi muuza barafu.

Mama mwenzangu, epuka haya:
Sumu yenye picha ya kupendeza.
Sumu chini ya kitanda, hata kama ni baba kaweka.
Kununua bila kusoma herufi ndogo.
Kumhukumu mtu kwa maneno ya bombani.
Kumcheka mama mwenye wasiwasi.