Pedi ya Masalu

Pedi ya pili ya gemu la runinga ilikutwa na jasho. Nancy ndiye aliyeigusa mchana akifagia sebule, akadhani mtoto kaimwagia maji. Akaifuta kwa kanga, akaendelea na ufagio. Kanga ile ilinuka dawa ya wadudu wa pamba siku tatu, na hapo kijijini Kasoli dawa ya msimu ilikuwa haijagawiwa hata chupa moja.

Gemu lilikuwa la marehemu Masalu, kaka wa mume wa Nancy, Kristofa. Walipokuja wanunuzi binafsi wa pamba, Masalu alipata kazi ya kusimama kando ya mizani, na kwa kusimama huko akajiona mkubwa. Wenzake walinunua ng'ombe. Yeye akaenda Mwanza, akarudi na runinga ndogo, betri ya gari na gemu la askari wawili wanaokimbia kuelekea kulia wakipiga risasi kila kinachotokea. Mtu mzima, na ndevu zake. Na gemu lenyewe lilikuwa na jambo la aibu: aliyemaliza roho zake tatu akibonyeza kitufe anachukua moja ya mwenzake, bila kuomba. Masalu alikuwa akijitupa shimoni kwa makusudi ili ale za mdogo wake. Hata kufa alikufa kivivu. Alikoroga dawa ya pamba kwa mkono mtupu, kwa sababu fimbo ilikuwa mbali hatua kumi.

Siku ya kumaliza msiba vitu vyake viligawiwa, kila kimoja kikatajiwa mtu wake: jembe, baiskeli, koti, hata kandambili. Gemu halikutajwa. Kristofa alikuwa amelificha ndani ya gunia la pamba, akiogopa wazee wasije wakampa mwingine. Likakaa humo miaka minne. Mwaka huu mvua ilipochelewa, naye si mtu wa kutafuta kazi kazi isipomtafuta, akalitoa, akaanza kulicheza upya na binti yake Violeth, wa miaka kumi na miwili.

Siku moja baada ya chakula cha mchana, Kristofa akiwa amelala kama kawaida yake, Nancy akasikia sebuleni vitufe vya pedi mbili.

"Unacheza na nani?"

"Na huyu mwekundu, mayu," Violeth akamjibu mama yake bila kugeuka.

"Nani kamshika?"

"Sijui. Ila mvivu. Anajitupa shimoni, halafu anachukua zangu."

Pedi ya pili ilikuwa juu ya kigoda kitupu, vitufe vinazama na kuinuka. Askari mwekundu akaruka shimoni. Namba ya roho za Violeth ikapungua moja, na damu ikamtoka mtoto puani, ikatiririka mpaka kidevuni, naye hakuifuta.

Kristofa alipoamshwa alisema waya umelegea.

"Waya unanuka dawa ya pamba?" Nancy akamuuliza.

Kristofa akaanza kukunja nyaya. Alimjua kaka yake.

Walilirudisha gemu kwenye gunia, lakini damu haikuacha. Kila mchana ilitoka, mtoto akakonda hadi mabega yakawa kama mpini wa jembe. Siku ya tisa Nancy akamfuata Mayige, mfumu, mganga mzee ambaye Kristofa alimsema vibaya kila Jumapili akitoka kanisani.

Mayige akanusa mlango, akakaa.

"Hiki kitu alirithi nani?"

Kristofa akatazama miguu yake.

"Nimekuuliza wewe, sijauliza vidole vyako."

"Hakuna," Kristofa akanong'ona. "Watu wanasema ni jini la ziwani, kutoka Nassa."

"Jini la ziwani lifuate nini kwako? Huyu ni kaka yako. Ila mtu akifungiwa kwenye gunia miaka minne, anayetoka si mtu tena. Sasa shika pedi mbele ya majirani, sema umerithi, ucheze naye. Atachukua zako zote. Mwachie, hata ya mwisho. Utaugua, utapona, nyama unayo. Ukimnyima, hatamwacha mtoto."

Majirani wakaitwa, gemu likatolewa guniani. Kristofa akasema "Nimerithi" kwa sauti ya mwenyekiti wa kijiji, akakaa. Askari mwekundu akajitupa shimoni, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, kisha akachukua roho ya kwanza ya Kristofa, na jua la saa nane likiwa limejaa mlangoni sebule ikaingia baridi ya kisimani, na harufu ya dawa ikapanda hadi majirani wakafunika pua, na kigoda kile kitupu kikalia kama kinavyolia kikikaliwa na mtu mzito, na roho ya pili ikaenda, na Kristofa akahisi kando ya mkono wake mkono mwingine, umelowa, unabonyeza bila haraka, na namba yake ikabaki moja, na ule mkono ukasogea, ukatulia, ukangoja.

Kristofa akang'oa waya kwenye betri.

"Imekwisha," akasema.

Mayige akasimama, akajifunga kanga vizuri. "Umemnyanyua mgeni kabla hajashiba," akasema, akaondoka bila kuaga.

Gemu likatupwa chooni. Violeth akaacha kutokwa na damu, akanenepa, na Kristofa akatembea Kasoli nzima akisimulia alivyomfukuza jini kwa mikono yake miwili.

Baada ya mavuno ya pamba, siku moja mchana, akamkuta Violeth amekaa akitazama ukuta, vidole gumba vinacheza hewani. Kando yake kile kigoda. Harufu ile.

"Baba," mtoto akasema taratibu, "baba mkubwa anauliza, ile moja uliyobakiza utampa lini?"

Kristofa akatazama mlango, akatazama uani ambako mkewe alikuwa akisonga ugali. Akashusha sauti.

"Mwambie amwombe mama yako."

Kule uani mwiko ukasimama. Nancy, ambaye hakuwahi kushika pedi hata siku moja isipokuwa ile aliyoifuta jasho, akapitisha mkono puani, akautazama: damu.