Makato ya Benki Yalinifanya Mwizi Nyumbani Kwangu

Nina umri wa miaka thelathini na tisa, ni mama wa mtoto mmoja, na ninaishi hapa Tabora, mtaa wa Isevya, nikishona sare za wanafunzi. Haya yalinipata miaka michache baada ya Uhuru, kabla mabenki hayajawa mali ya umma. Najua wapo watakaonicheka. Wacheke tu... lakini wasome mpaka mwisho.

Mume wangu, nitamwita Ramadhani, alikuwa fundi seremala. Fundi kwelikweli! Vitanda vyake vya mninga vilipakiwa kwenye treni mpaka Kigoma na Mwanza. Kusoma hakujua, ila jina lake aliweza kuliandika. Mimi nilikuwa nimefika darasa la nane, basi shughuli zote za benki zikawa juu yangu. Naandika hundi, yeye anatia sahihi. Hundi za wateja nazipeleka mimi. Akaunti ilikuwa kwa jina lake peke yake, wala sikuona ubaya. Mtu na mumewe, changu na chako kinatoka wapi?

Mwaka ule alipata kazi kubwa ya kutengeneza madawati ya shule moja ya bweni. Wauza mbao akawalipa kwa hundi. Shule nayo ilipolipa, niliipeleka hundi yao benki kwa mikono yangu miwili. Haukupita muda, tarishi akaja kumwita Ramadhani benki.

Huko akaambiwa maneno yaliyomtoa jasho. Eti hundi alizowapa wauza mbao zilizidi fedha zilizokuwemo! Benki ikalipa kwa niaba yake, jambo waliloliita ovadrafti, na sasa walikuwa wanamkata riba na faini kila mwezi. Si hivyo tu, walishachota akiba yake yote ya miaka na miaka ili kujilipa.

"Mama Hadija," aliniuliza aliporudi, hata viatu hajavua, "fedha za madawati umezipeleka wapi?"

Nikamwambia nilizipeleka benki. Akanitazama... Sijapata kutazamwa vile maishani mwangu. Akasema benki ina watu waliosoma, ina mashine za kuhesabia, benki haikosei. Sasa kama benki haikosei, aliyekosea ni nani?

Tangu siku ile nyumba yangu ikawa kituo cha polisi. Ufunguo wa kabati akauchukua. Nikitoka sokoni ananiuliza bei ya kila kitu, kisha anamtuma dada yake, wifi Mwamvua, akaulize upya. Wifi huyu alinichekea usoni, lakini nikigeuka nasikia minong'ono. Akawatangazia majirani kwamba kaka zangu wa Goweko wameezeka mabati kwa fedha za kaka yake. Mabati yale kaka zangu waliyanunua kwa tumbaku yao!

Na mimi nikaanza kushuku. Nilimshuku karani aliyeipokea ile hundi huku anazungumza na mwenzake. Nilimshuku wifi. Hata Ramadhani... Mbona siku hizi hakauki njia ya kijiji cha Choma, eti anawauzia wafugaji vitanda, na akirudi hasemi ameuza vingapi? Nikimuuliza anakuwa mkali. Aliyeitwa mwizi atamuuliza nani?

Siku moja nimetoka kisimani nikakuta sanduku langu mlangoni, wifi amesimama pembeni yake. Ramadhani akasema niende kwetu nikapumzike mpaka nitakapokumbuka fedha ziliko. Mbele ya majirani! Nilipanda treni kwenda Goweko nimemshika Hadija mkono, mtandio nimeushusha mpaka machoni.

Mama yangu hakunihoji sana. Aliniuliza neno moja tu: "Umechukua?"

"Wallahi, mama, sikuchukua."

"Basi usikae hapa kulia. Rudi ukawaulize walioipokea."

Nikarudi. Nilianzia shuleni, kwa mwalimu mkuu. Akafuatilia, akaniambia bila wasiwasi kwamba hundi yao imeshalipwa zamani. Nikaenda benki moja kwa moja, nikaomba kumwona meneja, Mzungu mmoja mrefu aliyejua Kiswahili vizuri tu. Akasema akaunti si yangu, hawezi kuzungumza nami habari zake.

"Bwana meneja, sitaki kujua kilichomo," nilimwambia. "Shule imelipa. Mume wangu hakupata. Nani amepata?"

Akanionyesha mlango kwa kalamu yake. Lakini yule karani, aliyekuwa amesimama mlangoni na makaratasi yake, aliinamisha uso.

Ramadhani alikataa katakata kwenda nami. Ilibidi mwalimu mkuu mwenyewe aje karakana kumwomba, na kwa kuwa alimheshimu sana, akakubali. Meneja alipobanwa na watu watatu, akaamuru wapekue. Kumbe kulikuwa na Ramadhani mwingine, mfanyabiashara wa ng'ombe, jina la baba yake ni lilelile la baba wa mume wangu! Fedha za madawati ziliingizwa kwake. Karani akasema alipitiwa. Alipitiwa, au walikula pamoja? Mpaka leo sijui.

Ramadhani alilia palepale. Akaniomba radhi mbele ya mwalimu, akanirudisha nyumbani. Nikamsamehe.

Benki ikarudisha fedha za madawati, ikazikata zote kufidia hundi za mbao, lakini akiba na makato wakagoma kuvirudisha. Meneja akasema makato yakishakatwa yamekatwa. Nikamuuliza, kosa lenu, faini yetu? Hiyo ni haki ya wapi? Nikawaandikia wakubwa zake Dar es Salaam. Kimya. Nikaandika tena, nikaeleza kwamba ovadrafti ile waliizalisha wao wenyewe. Kila barua nilimsomea Ramadhani, naye akatia sahihi.

Siku zile alikuwa mtamu kama asali. Kila jioni swali lake ni moja: "Wamejibu?" Aliniletea doti ya khanga. Hata wifi alinipikia mlenda! Nilijiuliza, haraka hii ya nini? Akasema anataka kununua mashine ya kuranda mbao. Nikaona aibu kumshuku mtu niliyekwisha msamehe.

Jibu likaja. Akiba irudishwe, riba na faini zote zirudishwe! Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje.

Kwenda kuzitoa alikwenda peke yake. "Wewe pumzika, umehangaika sana." Kisha akasafiri Choma, eti kuna mtu anauza mashine. Mashine ya kuranda, kwa wachunga ng'ombe? Wazo lilinijia, nikalifukuza...

Alirudi na binti mbichi ananukia udi, wifi Mwamvua anamfunika mwavuli! Fedha zangu, zilizonitoa machozi, zilikwenda kununua ng'ombe wa mahari. Baadaye nikaja kujua kwamba posa ile ilianza kabla sijafukuzwa. Ilikwama tu kwa sababu benki ilimeza akiba yake.

Dini inamruhusu kuoa, sikatai. Kilichoniua ni hila. Nilimuuliza swali moja: "Ulinirudisha kwa kuwa ulijua sikuiba, au ulihitaji mtu wa kukuandikia barua?"

Akamtazama dada yake.

Nikadai talaka, nikapewa. Nilianza na cherehani ya kuazima, nikakosa mpaka nauli ya kwenda kumzika mama yangu. Hayo siyaelezi, yataniliza bure.

Ndugu zangu mnaosoma, benki ikikukata usichokielewa, nenda kaulize. Wakikunyamazia, uliza tena! Wanaoandika mle ni watu, wanakosea. Na wewe mume, kabla hujamwita mkeo mwizi, uliza kwanza waliokabidhiwa. Nanyi dada zangu... msichoke bure kwa fedha ambazo siku ya kutolewa mtaambiwa mkapumzike.

Hadija wangu aliolewa mwaka jana. Asubuhi ya kupakwa hina, wakati wanawake wananitafuta huku na huko, nilikuwa nimemkalisha benki anafungua akaunti kwa jina lake. Nasikia mchumba alinuna kidogo. Mwacheni anune.