Weupe wa Kisutu

Kipimarangi kilitambaa juu ya kioo polepole, kama mjusi ukutani. Kila kiliposimama, rangi moja iliwaka chini ya tumbo lake: nyekundu, kijani, buluu, kisha nyeupe. Kilikuwa chombo cha kizamani. Namsifu alikitoa kabatini akakifuta vumbi, maana siku hizi hakuna fundi picha jijini Korogwe anayekihitaji. Kila mtu ana kioo-sikivu. Kioo hicho humtazama anayekitazama, kikampima macho, kikajirekebisha chenyewe mpaka aone vizuri bila miwani. Vipo sebuleni, vipo hospitalini, hata madirisha ya mbele ya treni ni vioo-sikivu.

Sasa kioo na karatasi vilikuwa vimegombana.

Kwenye kioo, marehemu mama yake Bi Nakijwa alikaa amejifunga kisutu, kanga yake ya harusi, na palipokuwa peupe palikuwa peupe kweli. Picha ikichapwa, weupe ule ulitoka kama maji ya chai. Namsifu alibadili wino. Akabadili karatasi. Mwisho akaongeza buluu kwa mkono, na hiyo ndiyo Bi Nakijwa aliyoirudisha asubuhi ile, pamoja na kisutu chenyewe ndani ya mfuko. Korogwe ndivyo walivyo: ukibishana nao rangi, wanakuletea nguo.

“Fundi, mama yangu kafia kitandani,” alisema Bi Nakijwa. “Wewe umemtoa kama aliyeopolewa mtoni.”

“Bibie, ile ya kwanza ilikuwa ya njano.”

“Njano ya wapi? Ile ndiyo niliyoitaka, ukaichana mbele yangu! Kesho arobaini, watu wanakuja kumtazama mama. Niwaoneshe nini?”

Ndiyo maana kipimarangi kilikuwa kazini. Kilipomaliza kililia mara moja, na majibu yakatokea mgongoni mwake: kioo kimezidi ubuluu.

“Kumbe kioo ndicho kibovu,” alisema Namsifu.

“Mimi si mbovu,” kioo kilijibu kwa upole. “Nimekaa hivi kwa ajili yako. Ndani ya macho yako kuna ukungu wa njano. Naongeza buluu ili uone kama zamani.”

“Tangu lini?”

“Tangu masika ya mwaka juzi. Naongeza kidogo kidogo.”

“Na hukuniambia?”

“Uliniagiza rangi zionekane sawa. Zimeonekana sawa.”

Namsifu hakukasirika. Alitaka kujua. “Acha kunisaidia,” alisema.

Kioo kikaacha. Yule mama akazama kwenye rangi ya chai, uso wake ukaingia ukungu. Namsifu akageuka kutazama kisutu mapajani pa Bi Nakijwa. Nacho weupe wake ulikuwa wa njano.

“Hapo ni peupe?”

“Nimekifua jana kwa mikono yangu. Kinang'aa!”

Basi akaufuta ule ubuluu alioongeza, akachapa tena bila kuyasikiliza macho yake. Kwake picha ilitoka ya njano. Bi Nakijwa aliilaza juu ya kisutu, akapitisha kidole shavuni pa mama yake.

“Huyu sasa. Huyu ndiye.” Akajifuta machozi. “Na wewe, huo ni mtoto wa jicho, nenda wakautoe. Shukuru kioo kimesema.”

“Kimesema kwa kuulizwa, bibie. Asiyeuliza je?”

Maneno yalipomtoka tu, akamkumbuka mumewe. Mbonea ni dereva wa treni ya kwenda Moshi. Juzi nyumbani alimimina chai nje ya kikombe, wakacheka wote wawili, akasema ajabu, kazini, nyuma ya kioo cha treni, anaona vizuri kuliko mezani kwake.

Namsifu alikibandua kipimarangi, akamtoa Bi Nakijwa na picha yake, akafunga duka mchana kweupe. Alikuwa hajafika kona ya stesheni aliposikia honi ya treni. Ya kuingia au ya kuondoka, hakujua. Akapandisha kanga yake, akaanza kukimbia.