Makochi ya Kaka

Kila nikitoka shule, kazi yangu ilikuwa moja: kumtungia mama uzi kwenye sindano ya cherehani. Mama ni fundi wa nguo. Macho yake yamechoka, ila ulimi haujachoka hata kidogo! Basi akishona, hunisimulia habari za kaka na wifi. Walipomaliza chuo, kaka useremala na wifi ufundi umeme, walifunga ndoa, wakafunga na mizigo, wakahamia mji wa mbali, safari ya siku nzima kwa basi.

Kila mwezi walituma picha kwenye simu ya mama. Wameketi kwenye kochi, meno yote nje. Mama alimwonyesha kila mteja.

"Mwanangu huyo! Juzi tu katoka hapa na begi moja, leo mwone!"

Mimi nilikuwa na swali. "Mama, mbona mwezi uliopita kochi lilikuwa la bluu, na sasa ni la kahawia?"

"Wamebadilisha."

"Na lile jekundu la mwanzo?"

"Wewe mtoto! Maswali hayo ungeyapeleka darasani ungekuwa wa kwanza. Tunga uzi!"

Nikatunga uzi, lakini swali likabaki linaniwasha.

Likizo ilipofika, nikaruhusiwa kwenda kuwatembelea. Mama akanipa mfuko mzito. Ndani mlikuwa na vitambaa vya makochi, vyenye maua pembeni. Alivishona wiki tatu nzima, akikadiria vipimo kwa kukodolea macho picha. Baba akanipandisha basi na kunikabidhi kwa jirani yetu muuguzi, aliyekuwa akisafiri pia.

Kaka alinipokea stendi, akanikumbatia mpaka mbavu zikalia. "Umebeba nini, Mpelelezi?" Hilo ndilo jina alilonibandika tangu nikiwa mdogo.

"Vitambaa vya makochi yenu. Mama kashona."

Uso wake ukabadilika. Akautupia mfuko begani, akaanza kuniuliza habari za shule.

Walikuwa wakiishi chumba kimoja, ghorofa ya tatu. Wifi alikuwa mlangoni, ameketi kwenye kigoda, pasi ya mteja imefunguliwa mapajani mwake. Akaruka kunipokea. Ndani niliona godoro sakafuni, jiko, ndoo mbili za maji, basi. Nikachungulia mpaka nyuma ya pazia.

"Wifi, makochi yako wapi?"

Wifi akamgeukia kaka. "Mwambie mwenyewe. Mimi nilikukataza tangu siku ya kwanza."

Kesho yake kaka akanipeleka kazini kwake. Nyuma kulikuwa na karakana, alikokuwa akipiga msasa na kupaka vanishi. Mbele lilikuwa duka la samani, na humo nikayaona yote: jekundu, la bluu, la kahawia, kila moja na kikaratasi cha bei.

"Mara ya kwanza ulikuwa utani tu," akasema, macho chini. "Mama akafurahi mno, nikashindwa kurudi nyuma. Nisaidie, mdogo wangu. Tutandike vitambaa hapa, tupige picha moja ya mwisho."

Nikatandika kimoja kwenye kochi la kahawia. Kilikaa sawasawa, kana kwamba mama alikuja kupima. Nikakumbuka macho yake mekundu.

Papo hapo simu ya kaka ikaita. Alikuwa mama. Kaka akanipa simu, huku akinionyesha kwa ishara ya kichwa nikubali kila kitu.

"Vimetosha?" mama akauliza. Nyuma yake cherehani ilikuwa inanguruma.

Kumdanganya mama? Nilitamani ardhi ipasuke.

"Vimetosha, mama. Lakini kochi si la kaka."

Cherehani ikanyamaza. Kaka akajishika kichwa, kisha akachukua simu, akafungua spika, akaeleza yote bila kuficha.

"Mnakalia nini, basi?" mama akauliza.

"Kigoda kimoja, mama. Nilikitengeneza kwa mabaki ya mbao."

"Kwa mikono yako?"

"Ndiyo."

"Sasa mbona hukunitumia picha ya hicho?"

Kaka akafuta machozi kwa kiganja chenye vumbi la mbao.

"Mwanangu," mama akasema, "miezi yote hii nimejisifia kochi la dukani, wewe mwenyewe sikukuona. Hata kuuliza kama mmekula sikuuliza, nikidhani mmeshiba. Ukweli ungeniuma siku moja, kisha ningejua namna ya kuwasaidia. Ukinidanganya unanifungia mlango. Haya, pima hicho kigoda. Nataka vipimo vya kweli!"

Tulikipima jioni ile ile. Wifi akakata kitambaa kimoja, mimi nikashona kwa mkono.

Sasa nimerudi nyumbani, natunga uzi kama kawaida. Juzi imeingia picha mpya: vigoda viwili, vyote na maua pembeni. Mama kawaonyesha wateja wote.

"Mama, cha pili ni cha nani?"

"Changu. Mwezi ujao nakwenda kukikalia. Tunga uzi!"