Swali la Bamvua

Maji yaliwatokea nyuma. Mkono wa bahari waliouvuka asubuhi kwa miguu mikavu sasa ulikuwa unakwenda mbio, mpana, rangi ya chai, kati yao na ufuko.

"Nilisema turudi," mwalimu aliyeitwa Mama Mawe aliwaambia wanafunzi wake wa darasa la saba, lakini macho yake yalikuwa kwa Bwana Tai.

Bwana Tai alikuwa mkuu wa taaluma, na tai haikumtoka shingoni hata baharini. Ndiye aliyelifuta somo la Mama Mawe la miamba na bahari, akisema mawe na maji ya chumvi hayampeleki mtoto popote. Wakaguzi walipotaka picha za masomo ya nje, akaipanga safari hii mwenyewe, siku ya mwezi mpevu, siku ya bamvua, bahari inapojaa kuliko kawaida. Mama Mawe alimwonya. "Bahari ni bahari," alijibu, na walimu wote wakacheka. Kicheko kile kilikuwa bado kimemkwama Mama Mawe rohoni.

"Tuogelee," alisema Bwana Tai. "Si mbali."

"Atakayeingia atachukuliwa. Kidomo! Chaza wanaishia wapi?"

Kidomo, msichana ambaye darasani hanyamazishiki, aliukodolea macho mwamba uliokuwa nyuma yao. "Kwenye ule mstari, Mwalimu. Kila siku maji hufika pale. Lakini leo bamvua, yatapita."

"Basi tunakwenda juu ya mstari. Pandeni!"

Magamba makali ya chaza yaliwachana viganja na magoti. Mama Mawe alitangulia, akajifunga kiunoni kamba waliyokuja nayo kupimia mwamba, akakita miguu kwenye ufa na kuwavuta mmoja mmoja. Chini, tumpe haki yake, Bwana Tai aliwasukuma watoto kwa mabega mpaka wa mwisho. Alipobaki peke yake, maji yalikuwa yamemfika shingoni, na safari hii haikuwa msemo tu.

Kamba ikashuka. Akaidaka. Haikuvutwa.

"Mkuu," alisema Mama Mawe, "kwa nini leo maji yamepanda hivi?"

"Nini? Vuta, mama!"

"Nimeuliza swali."

Wimbi likamfunika. Akaibuka akitema na kukohoa. Mfa maji haishi kutapatapa, naye alitapatapa haswa. Mama Mawe, tuseme ukweli, aliona raha. Aliiona raha ile mpaka kwenye vidole vya miguu.

"Mwezi!" alipiga kelele Bwana Tai.

"Darasa halikusikii."

"Mwezi mpevu! Jua na mwezi vinavuta pamoja! Bamvua!"

"Na siku aliichagua nani?"

"Mimi! Mimi, jamani!"

Ndipo akavuta.

Wakabanana juu pale, jua likiwachoma, chupa moja ya maji ikizunguka, funda moja kila mtu. Kiatu kimoja cha Bwana Tai kilikuwa kimechukuliwa na maji, na unyayo wake umepasuka vibaya. Mama Mawe aliivua ile tai shingoni mwake na kuufunga kwayo, akaikaza kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Bahari ikapanda hadi shubiri moja chini ya miguu yao, ikasita, kisha ikaanza kurudi ilikotoka.

Mchana ulipoinama, waliuvuka tena mkono ule, maji yakiwa magotini tu. Ng'ambo wazazi walikuwa wakilia na kuita majina. Mama Mawe alitembea kifua mbele. Somo lake lingerudi kwenye ratiba. Nani angethubutu kulifuta sasa?

Kidomo alikuja ubavuni mwake, akiburuta kamba.

"Mwalimu, na kama asingejibu?"

Mama Mawe alitazama viganja vyake vilivyochunika.

"Kunja kamba vizuri," alisema.

Kidomo akaikunja, akamkabidhi. Kisha akarudi nyuma kumshika mkono Bwana Tai, aliyekuwa anachechemea peke yake, na wenzake wote wakamfuata.